Oili, Molo, Mwezi wa Saba

Saa kumi alfajiri. Sakitu imelalia majani ya viazi
kama chumvi iliyomponyoka mtu gizani.
Naikanyaga, inalia chini ya gambuti.
Pikipiki naivua gunia lake. Kiti kimeganda.

Kiki ya kwanza, kikohozi.
Ya pili, kikohozi.
Ya nane ndipo inakubali, shingo upande.
Naiacha ingurume dakika tano,
maana oili ya baridi haitoki, hujivuta
kama mtoto aliyeitwa kuoga.

Hilo sikufundishwa na Ngotho.
Ngotho fundi, miaka mitatu, alinitoza mia mbili kila mara
akanirudishia oili ya wenzangu aliyoichuja kwa soksi.
Nilijua siku niliyoinusa.
Tangu hapo spana namba kumi na saba hukaa chini ya mto wangu
na mke wangu humwita mke mwenza.

Chupa mpya nayo imelala kitandani katikati yetu,
imevishwa sweta la shule, ili imiminike.
Alisogea ukutani, akasema tu:
"Kifuniko kikivuja, utahamia kwa ng'ombe."

Chepng'eno ameshika tochi.
Ana miaka tisa na usingizi wa miaka tisini.
Mwanga unateleza: boliti, gurudumu,
ng'ombe anayecheua zizini,
kisha juu kabisa, kwenye nyota,
ambako hakuna cha kufungua.
"Huku, mama."
Unarudi.

Boliti imekataa.
Vidole si vyangu tena, ni vijiti nilivyoazima.
Nagonga mpini wa spana kwa jiwe, taratibu, kushoto,
mwaka jana nilienda kulia nikalipia,
nagonga tena,
naivutia pumzi,
tena

inaachia.

Uzi mmoja mweusi unashuka ukifuka
ndani ya jerikani nililolipasua tumbo.
Nazima maneno yote. Nainamia ule mvuke,
nauotea mikono bila aibu,
kilomita elfu mbili za tope na maziwa
zinanipasha viganja.

Kisha nachovya kidole, nakisugua kwa gumba.
Chepng'eno kwa mara ya kwanza analenga tochi sawasawa.
"Baba, inametameta!"
Kweli.
Vumbi la chuma, jembamba kuliko unga,
kama magamba ya omena yaliyobaki kwenye sufuria.
"Ni nzuri," anasema.
"Ndiyo," nasema. "Ni nzuri."

Simwambii kuwa huko ndani kitu kinajila.
Simwambii bei yake, ambayo ni karo ya muhula
na mbolea, na bado haijatimia.
Nafuta mdomo wa tundu kwa kitambaa,
narudisha boliti kwa vidole kwanza, ijizoeze,
halafu spana, halafu robo, basi.
Ukikaza kwa hasira utalia kwa hasara.

Chupa inatoka kwenye sweta ikiwa na joto la watu wawili.
Inamiminika kama asali ya Mau, bila kelele.
Nafunga. Nawasha.
Kiki ya pili tu.
Sauti imekuwa laini, na mtu asiyejua
angesema imepona.

Ile nyeusi siimwagi. Bosibori wa ng'ambo ya kijito
aliniomba, apake vigingi vya ua wake visioze.
Jua likitoka labda ua wake utameremeta kidogo
na hatajua ni nini.

Mtoto amesinzia, shavu kwenye tangi lenye uvuguvugu.
Nambeba ndani, tochi ingali inawaka mkononi mwake.
Narudi kufunga mitungi: mitatu.
Lori la maziwa huondoka saa kumi na mbili, halingoji.
Nahesabu njia. Kupanda kwenye misonobari, kupanda kanisani,
halafu ule mteremko mrefu hadi daraja la mbao:
pale naweza kuzima injini,
nikateremka na baridi peke yetu,
ipumzike.